Robota la Misemo

Basi kaeni mkao wa kusikiliza. Mwenye mtoto ampakate, mwenye chungu jikoni apunguze moto.

Palikuwa na nchi moja. Jina lake nisingeweza kuwatajia hata kama ningetaka, maana wakati wa mambo haya lilikuwa limepelekwa kwenye kamati likabadilishwe liwe la kisasa zaidi. Kamati ikaenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo na mpaka leo haijarudi. Wananchi wakawa wanaiita nchi yao "hapa" tu, na hawakupotea.

Hapa palikuwa na wizara nyingi. Ya maji, ya afya, ya barabara, zote zilibanana kwenye ghorofa moja zikipokezana viti. Lakini Wizara ya Misemo ya Kisasa ilikuwa na jengo zima lenye lifti mbili, moja ya watu na nyingine ya Waziri. Kazi yake ilikuwa kuagiza misemo ya Kiingereza. Sisemi kile Kiingereza cha shuleni, cha kuuliza njia ya kwenda posta. Hicho kilikuwa cha wazee. Nasema ile misemo wanayosema watu wa ng'ambo maofisini na mitandaoni, msimu huu huu, ingali ya moto.

Misemo ilikuja kwa meli, imefungwa marobota kama mitumba, kila msemo umetariziwa kwenye lebo ndogo ya kitambaa kama ile ya kwenye kola ya shati. Kila Jumatatu robota linafunguliwa. Waziri anachagua kwanza, ile laini iliyonyooka. Makatibu wakuu wanafuata, kisha wakuu wa mikoa, na hivyo hivyo kuteremka, mpaka mitaani ambako inafika ile iliyopauka, ambayo wenyewe wenye lugha waliitupa zamani wakaisahau. Kiongozi anayejipenda anabandika lebo yake kwenye kola, na wiki nzima hasemi jambo bila kuitumia. Jumatatu inayofuata msemo wa Waziri unakuwa umeisha muda. Kuutamka baada ya hapo ni sawa na kwenda harusini na ndala.

Na maana ya misemo? Hapo palikuwa na jambo dogo. Robota halikuwahi kuja na maana. Lakini kuuliza maana kulikuwa dalili kwamba huna, kwa hiyo kila mtu alikuwa nayo.

*

Siwatu alikuwa akikaa Mkorogoni, mtaa ulio ukingoni kabisa mwa hapa, ukijisahau kidogo unajikuta umeshatoka nje ya nchi. Alikuwa na binti mmoja, Zamda, anayetimiza miezi tisa, mwenye mashavu yanayofika mahali kabla yake.

Mkorogoni ilikuwa na kituo cha afya kipya: bati la bluu, madirisha ya nondo, mizani ya watoto, friji ya chanjo inayonguruma mchana kutwa. Nesi naye alikuwepo, Sista Leokadia. Kilichokosekana ni kufunguliwa tu.

Mlangoni palifungwa utepe mwekundu. Utepe hukatwa na Waziri wa Misemo, na Waziri hukata baada ya hotuba. Hotuba lazima iwe na msemo wa wiki, na msemo huo huo lazima uwe umechongwa kwenye jiwe la ufunguzi. Fundi wa mawe, mtu makini asiyependa kuharakishwa, alichonga kwa siku nane. Msemo ulidumu siku saba. Kila jiwe lilipokamilika lilikuwa limeshapitwa, wakaliweka pembeni wakaanza jingine. Rundo likakua, kina mama wakaanza kufulia juu yake. Siwatu alipenda kufulia nepi za Zamda juu ya "Tufikiri Nje ya Boksi", maana lilikuwa na mteremko mzuri.

Sista Leokadia, kwa kuwa ameajiriwa, aliingia kazini kila asubuhi kwa kidirisha cha choo, akavaa kofia yake, akakaa. Kina mama wakawa wanazungumza naye kupitia nondo.

"Sista, surua imeingia mtaa wa pili," Siwatu akamwambia asubuhi moja. "Huyu wangu ndiyo wakati wake wa chanjo. Si umchanje hapa hapa? Nitapitisha paja kwenye nondo."

"Paja hilo halipiti, mama Zamda."

"Mkono basi."

"Mkono wenyewe nao ni kama paja." Sista akavishika vidole vya mtoto kwa upande wa ndani. "Sikiliza, mdogo wangu. Kituo hiki hakijafunguliwa, kwa hiyo kwa serikali hakipo. Nikimchanja mtoto kwenye kituo ambacho hakipo, na mimi nitaonekana sipo, na mshahara nao hautakuwepo. Niletee agizo la mkubwa. La mdomo tu linatosha. Nitafungua mlango dakika hiyo hiyo. Unadhani mimi napenda kutokea chooni?"

Kupima uzito, kina mama walikwenda buchani kwa Mzee Mbwiga. Aliwaweka watoto kwenye mizani yake kwa upole, juu ya gazeti safi.

"Kilo nane na robo, pamoja na mifupa," akasema siku ile. Halafu, kwa mazoea tu ya kazi, "Nikukatie?"

"Nachukua hivi hivi," Siwatu akajibu, akamfunga mtoto mgongoni akaelekea wilayani.

*

Afisa Misemo wa Wilaya aliitwa Bwana Mchopanga. Kola yake ilikuwa imejaa lebo mpaka shingo haigeuki, na ukitaka akutazame lazima uhame wewe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Karibu, tuweke kila kitu juu ya meza."

Siwatu akaweka mkoba. "Nimekuja kwa ajili ya kituo chetu cha Mkorogoni."

"Suala hilo liko kwenye rada yetu. Tumelipigia mbizi ya kina. Ila tusichemshe bahari, mama. Tuanze na tunda linaloning'inia chini."

"Mimi nauliza tu, Waziri anakuja lini?"

"Mwisho wa siku, mpira uko kwenye uwanja wenu."

"Uwanja hatuna, mheshimiwa. Ndipo walipojenga kituo."

Bwana Mchopanga akavuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka na mwili mzima ili aweze kumwona vizuri.

"Mama, shida yako ni lugha. Unasema mambo kama yalivyo. Mtu akisema jambo kama lilivyo, serikali inakosa pa kulishikia. Njoo darasa la jioni. Nafundisha mwenyewe, bure."

Siwatu akajiunga. Jirani yake, Mama Havijawa, muuza vitumbua, akajiunga naye, kwa maelezo kwamba nyumbani hakuna cha kuchekesha.

"Leo tunasoma kusogeza sindano," mwalimu akatangaza.

"Sindano ya cherehani au ya hospitali?" Mama Havijawa akauliza.

"Ya kimataifa."

"Na ukishaisogeza?"

"Unatoa taarifa kwamba imesogea."

Siwatu akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Hii misemo ina faida gani hasa?"

Swali hilo lilimfurahisha Bwana Mchopanga, maana lilikuwa la faida na si la maana. "Kwanza, inajaza muda. Pili, unatoka kikaoni watu wamekupigia makofi na hujaahidi kitu. Tatu, yule uliyemwambia naye anaogopa kuuliza, basi mnaagana kwa heshima. Nchi ngapi zina amani kama yetu?"

Nisiwafiche, Siwatu alilipenda lile darasa. Alipenda kukaa kwenye dawati na kalamu yake, Zamda akikoroma mgongoni. Alipenda pia kwamba kati ya msemo na msemo kulikuwa na maneno madogo madogo ya Kiingereza ya kweli, ya mlango na maji na mtoto na tafadhali, akawa anayaokota kama mtu anayeokota choroko zilizomwagika. Usiku akikoroga uji aliyarudia taratibu. Alikuwa na imani kwamba yatatosha siku moja kusema kitu.

Mwisho wa kila kipindi wanafunzi walifanya mafunzo kwa vitendo: kukunja lebo zilizoisha muda na kuzijaza kwenye kiroba.

"Hizi zinakwenda wapi?" Siwatu akauliza.

"Zinarudi wizarani. Zinafuliwa, zinapigwa pasi, halafu zinawekwa juu ya robota jipya zinapendezesha."

"Kwa hiyo ile mipya ya kutoka ng'ambo, mingine imetoka hapa?"

Bwana Mchopanga akafikiri. "Kila kitu kimetoka ng'ambo, mama. Inategemea wewe umesimama wapi."

*

Siwatu akarudi nyumbani, akachukua nepi moja kuukuu ya Zamda, safi, laini kwa kufuliwa, akakata kipande cha ukubwa wa lebo. Akachukua sindano na uzi wa bluu akaanza kutarizi sentensi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili ya Kiingereza. Mimi nawasimulia kwa Kiswahili, Kiingereza chake mnakijua: Fungua kituo cha Mkorogoni.

Mama Havijawa akaisoma akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Wewe. Hii si iko wazi mno? Wataielewa."

"Ndicho ninachotaka, waielewe."

"Watakufunga, mwanangu."

"Wanifunge kwa kuomba kituo?"

"Kwa kueleweka. Hakuna mtu aliyewahi kulifanya hilo hapa, sheria yake sijui itakuwaje."

"Waziri akiichagua, ataitamka mbele ya watu. Akiitamka, kuna mtu atasikia, atainuka, atakuja kufungua." Siwatu akakata uzi kwa meno. "Hata kama ni mmoja."

Mama Havijawa akamwangalia Zamda, aliyekuwa akijaribu kula kidole gumba cha mguu. "Haya. Ukiweka kwenye kiroba, iweke juu juu. Hao hawachimbui."

*

Jumatatu, Waziri wa Misemo, Mheshimiwa Tindwa, akapenyeza mkono kwenye robota akafumba macho, kama ilivyokuwa desturi. Vidole vikagusa kitu laini kuliko vyote. Akakitoa, akakinusa. Kilinukia poda.

"Nusa," akamwambia Katibu Mkuu.

"Ya Ulaya kabisa, mheshimiwa. Tena ya majira ya baridi."

Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa imeuvaa. Benki zikautangaza: weka akiba nasi, fungua kituo cha Mkorogoni. Kocha wa timu ya taifa, aliyefungwa magoli sita, akawaambia waandishi kwamba vijana wamejitahidi, lakini ndiyo hivyo, mpira ni fungua kituo cha Mkorogoni. Mshereheshaji wa harusi akamwinamia bwana harusi akamnong'oneza msemo huo kwa kipaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka kwa aibu. Bungeni ulitamkwa na upande wa serikali, ukajibiwa na upinzani kwa msemo huo huo, na Spika akasema haijapata kutokea siku yenye maelewano kama ile.

Redioni wachambuzi wakaeleza asili yake. Mkorogoni, wakasema, ni kitongoji cha kusini mwa London chenye ukungu mwingi na bata. Mmoja alikuwa amewahi kupita karibu na hapo. Kuhusu maana, mmoja alisema ni ustahimilivu, mwingine uthubutu, wa tatu kupunguza matumizi, wakakubaliana kwamba ni vyote vitatu.

Siwatu aliusikia mara ya kwanza redioni kwa Mzee Mbwiga, akamrusha Zamda juu kwa furaha. Akakimbia kituoni, akakaa juu ya jiwe, akangoja siku hiyo na zilizofuata. Jumamosi asubuhi akasikia Wizara ya Afya yenyewe imetundika bango lenye msemo huo juu ya mlango wake. Kina mama wa Mkorogoni wakapiga simu pale pale kuuliza habari za kituo chao. Afisa akawasikiliza kwa makini sana. "Tumelipokea, kina mama," akasema. "Kama wasemavyo wenzetu, fungua kituo cha Mkorogoni." Akakata simu akaendelea na chai.

Hapo ndipo Siwatu aliposhuka kwenye jiwe. Nchi nzima ilikuwa ikisema neno lake, na hakuna aliyeinuka. Sentensi aliyoitarizi kwa mkono wake, sentensi nyoofu, walikuwa wameivaa mpaka maana imekwisha kama rangi ya kanga. Na keshokutwa ilikuwa Jumatatu. Nyumba ya tatu kutoka kwake mtoto alikuwa ameamka na vipele na homa. Zamda akapiga chafya. Siwatu akamshika kipaji cha uso, akamshika tena, akamfunga mgongoni akarudi kwa Bwana Mchopanga.

*

Safari hii hakuuliza kitu.

"Mheshimiwa, hongera kwa msemo mpya. Mimi nawaza tu. Picha za Waziri akiutamka zingependeza vipi kama angesimama mahali penye jina hilo hilo."

"Aende mpaka London?"

"Hata sisi Mkorogoni tunayo. Ndogo tu."

Bwana Mchopanga alikuwa na faili la Mkorogoni chini ya kikombe chake cha chai tangu mwaka uliopita, lakini hakuwahi kuyakutanisha mambo hayo mawili. Sasa aliona picha, akaona gazeti, akajiona mkoani. Simu ikapigwa. Jumapili mchana msafara ukaingia Mkorogoni ukitimua vumbi, zulia jekundu likatandikwa kutoka mlango wa gari mpaka mbele ya kituo, na Mheshimiwa Tindwa akasimama akikipa mgongo, maana upande huo jua halikuwa likimpiga machoni.

"Ndugu wananchi," akaanza, "niseme mapema kwamba sikuja kufungua chochote. Jiwe halijawa tayari. Mimi nimekuja kusema."

Makofi.

"Dunia inakimbia, na sisi tunakimbia nayo, na pale itakaposimama sisi tutakuwa tumeshapita. Wako wanaoniuliza, Mheshimiwa, maji yako wapi? Barabara iko wapi? Nami huwajibu kwa maneno mazito ya mataifa yaliyoendelea, maneno ambayo ukiyasikia huna haja ya kuuliza tena. Ndugu zangu, fungua kituo cha Mkorogoni."

Makofi mengine, hasa kutoka kwa watu waliokuja na msafara. Nyuma yake, ndani ya nondo, Sista Leokadia alikuwa amesimama wima na kofia yake, mkono mmoja umeshika ufunguo, haamini sawasawa.

Siwatu akaliona lile shaka usoni mwake. Akajipenyeza mbele, Zamda mgongoni, moyo unapiga mpaka mtoto akaamka.

"Samahani mheshimiwa," akasema. "Huko nyuma yako, dirishani, hawajasikia vizuri. Tunaomba urudie."

Hakuna kitu kilichompendeza Waziri kama kuombwa arudie. Akajivuta suti, akageuka kwa madaha, akakuta nesi anamtazama.

"Fungua kituo cha Mkorogoni," akasema kwa sauti ya taifa.

"Unaniambia mimi, mheshimiwa?" Sista akauliza kwa heshima zote.

"Nakuambia wewe. Nawaambia wote. Naiambia na dunia."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukasukumwa kutoka ndani, utepe ukanyooka, ukanyooka, ukakatika paa, kipande kikarushwa kikaangukia bega la Waziri. Yeye akakitengeneza vizuri, akidhani ni nishani. Kina mama wakampita huku na huku, wenye watoto mgongoni, wenye watoto ubavuni, Mama Havijawa mbele yao akiwa hana mtoto kabisa.

"Wewe unakwenda kuchanjwa nini?" Mzee Mbwiga akamuuliza.

"Nawatengenezea njia. Pisha."

Mheshimiwa Tindwa akamwinamia Bwana Mchopanga. "Hawa wanakwenda wapi?"

Bwana Mchopanga alijaribu kugeuza shingo, akashindwa, akageuka mzima. "Nadhani, mheshimiwa, wanautekeleza msemo."

Waziri akautazama mlango ulio wazi. Tangu awe Waziri alikuwa amesema mamia ya misemo, na hajapata kuona hata mmoja ukitekelezwa.

"Inaruhusiwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna kifungu kinachokataza, mheshimiwa. Nafikiri hawakuwaza kwamba itatokea."

Ndani, Siwatu alikuwa amekaa kwenye benchi lenye harufu ya rangi, Zamda mapajani. Sista akasafisha lile paja nene kwa pamba. "Mshike vizuri, mama," akasema. Zamda akamtazama nesi, akaitazama sindano, akatoa tabasamu la meno mawili, kisha akalia kilio ambacho msafara mzima uliokuwa ukipanda magari ulikisikia. Siwatu akambana kifuani, akacheka na kulia kwa pamoja, akimwambia basi, basi mama, imekwisha.

Jumatatu robota jipya likafunguliwa, na redio ikatangaza kwamba kusema "fungua kituo cha Mkorogoni" kumeshapitwa na wakati, atakayekutwa akisema ataonekana mshamba. Wananchi wakatii kama walivyozoea. Mkorogoni hakuna aliyehitaji kuusema. Wizarani, nasikia, wapo waliotaka kituo kifungwe mpaka jiwe likamilike, wakatafuta namna ya kuagiza hivyo. Lakini msemo wa kukifunga haujaja kwenye robota lolote, na wao bila msemo hawawezi kusema kitu. Basi mlango ule uko wazi mpaka leo, na Sista anaingilia hapo.